Kocha Aliyeruka Jina la Mwanawe

Ujumbe ulinifikia nikiwa dukani Acocks Green, mkono mmoja umeshika pakiti ya unga na wa pili umeshika simu. Uliandikwa na kipa wa timu ya Shard End, na ulikuwa wa maneno mawili tu: Kocha ametuacha. Msomaji wangu, usinicheke. Yalikuwa majira ambayo watu wa mpira wa Jumapili hapa Birmingham huhama timu. Kila simu inayoingia inaleta habari ya fulani aliyejiondoa na fulani aliyeonekana akinong'ona na wapinzani, nami akili yangu ilikuwa hukohuko. Nikamjibu kipa palepale: Amekwenda timu gani? Kisha simu ikalia, na yule kijana wa miraba minne, ambaye nimemwona akipangua mikwaju kwa kifua bila kupepesa jicho, alikuwa akilia kama mtoto. "Mzee," aliniambia, "Kocha amefariki. Leo asubuhi, hospitalini." Niliurudisha unga kwenye rafu nikatoka nje, nikasimama kwenye kituo cha basi bila basi lolote nililokuwa nalingoja.

Mnaijua desturi ya safu hii ya kutotaja majina ya watu, na leo sitaivunja. Sote tulimwita Kocha, hata mchungaji wa kanisa lake. Alikuwa muuguzi, mzaliwa wa magharibi mwa Kenya, aliyefika Birmingham akiwa mjamzito, na mwanawe wa pekee akazaliwa hapa katika baridi ya mwaka uleule. Baba mtoto hakuja. Mama alipewa nyumba Shard End, ukingoni kabisa mwa jiji upande wa mashariki, mahali ambapo ukimwambia mtu wa mjini unaishi huko anakuuliza kama basi bado linafika. Mpira hakuwahi kuucheza. Aliufuata kwa sababu ya kumpeleka mtoto mazoezini, akisimama kando ya uwanja na koti lake refu juu ya sare ya kazi. Siku moja aliyekuwa kocha wa timu ya watu wazima akapata kazi mji mwingine, akaondoka, na nusu ya kikosi ikatawanyika nyuma yake. Katika mkutano wa kuamua kama timu ivunjwe, wanaume wote walitazama viatu vyao. Yeye akasema, "Basi nipeni hiyo filimbi niishike wiki hii tu." Aliishika mpaka alipokufa.

Na msidhani alikuwa kocha wa utulivu, wale wanaokunja mikono na kutabasamu timu yao ikifungwa. Sijapata kuona mtu mwenye wasiwasi kama yule mama. Siku ya mechi hakula. Alitembea kando ya mstari akitafuna kamba ya filimbi, akiwahesabu wachezaji wake mara kwa mara kana kwamba mmoja wao angeweza kuyeyuka kwenye ukungu. Mimi nilikuwa namchukua kwa gari kwa sababu aliogopa kuendesha mvua ikinyesha, na katika jiji hili ukiogopa kuendesha kwenye mvua huendeshi. Humo garini ndimo nilimojua mengi ya kwake. "Mwandishi," angeniambia kabla hata hajafunga mkanda, "hii kitu imeninyima usingizi." Na "hii kitu" ilikuwa ni ileile kila msimu: kikosi. Nani atakuja, nani ataondoka, nani atabaki.

Kwa msomaji asiyeijua ligi yetu, nieleze kidogo. Timu ni za watu wa Afrika Mashariki na Kongo waliotapakaa mitaa ya jiji hili, na kwa miaka mingi timu zenye watu wengi zilikuwa zikimwahi kila kijana mwenye miguu mizuri tangu siku ya kwanza anapoonekana msikitini au kanisani. Timu ndogo zilikuwa zikikauka. Ndipo mjumbe mmoja aliyewahi kuishi Marekani akaleta utaratibu wa huko: wageni wote na vijana wanaofikia umri wa kucheza hukusanywa ukumbini kila Agosti, na makocha huwachagua kwa zamu, aliyemaliza wa mwisho msimu uliopita akianza. Anayechaguliwa hufungwa na timu hiyo misimu miwili. Baada ya hapo ni mchezaji huru. Anakwenda anakotaka, na yeyote anaweza kumbembeleza.

Basi kukawa na madhehebu mawili. La kwanza lilikuwa na nabii wake, kocha wa Winson Green, Msomali aliyekulia Nairobi akapitia Uholanzi kabla ya kufika hapa, dereva wa teksi, mcheshi, mtu wa kumjua kila mtu. Yeye alijenga timu kwa wachezaji huru. "Kwa nini nipike nyumbani na hoteli ziko wazi?" ndiyo iliyokuwa kauli yake, na kwa misimu kadhaa hoteli zilimlisha vizuri, alichukua vikombe hadi kabati likajaa. Kwenye mikutano ya zamu alikuwa akisinzia. Dhehebu la pili lilikuwa la Kocha wetu, ambaye kwa kumaliza mkiani kila mara alikuwa na zamu za mapema, akachukua vijana wabichi na kuwafunza. "Mchezaji huru anakuja na begi bado liko mgongoni," alikuwa akisema. "Unampa jezi, halitui hilo begi."

Lakini sitaki kuandika hekaya ya mwema na mbaya, maana mpira haukuwa hivyo. Vijana aliowafunza nao waliondoka. Namkumbuka mmoja, winga kutoka Goma, aliyefika hajui hata kufunga kamba za viatu vya mpira kwa vidole vilivyokufa ganzi. Kocha alimfunza kukimbia bila kuinamisha kichwa, akamtafutia koti, akamkalisha mezani kwake sikukuu za Krismasi. Misimu miwili ilipokwisha, Winson Green wakambembeleza, na kijana akakubali. Alikwenda mwenyewe kumwambia, mimi nikiwa pale sebuleni nikinywa chai. Alisimama mlangoni hakutaka kuketi. "Mama, nilikuya kukuaga," akasema. "Sikutaka usikiye kwa batu bengine." Kocha aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na soksi nene za sufu. "Uwanja wa Winson Green una upepo," akamwambia. "Vaa hizi." Kijana alipoondoka, mama aliketi akashika kikombe kitupu muda mrefu. Nilimwuliza kama ana hasira. "Hasira ya nini? Amekuja akaniaga. Wengine huondoka kama moshi." Kisha akaongeza, "Ninachoogopa ni kingine. Wangu naye anakua."

Mwanawe alikuwa mshambuliaji, na alikuwa mzuri kweli. Alikuwa na kasi, na alikuwa na ile njaa ya goli ambayo haifundishwi. Kiswahili alikisikia chote na hakukisema hata kidogo, ukimsalimu "Hujambo?" anakujibu "I'm good, Uncle," akiwa ametabasamu kwa adabu. Mwaka aliofikisha umri wa kucheza ligi, timu ya mama yake ilimaliza ya mwisho, na kwa hiyo ilikuwa na zamu ya kwanza. Watu waliona ni jambo lililokwisha. Walimtania kijana: wewe hata usijisumbue kuja Agosti, mama ameshakubeba.

Siku yenyewe nilimpitia Kocha nyumbani. Alikuwa amevaa vizuri kuliko kawaida, akafungua na kufunga mkoba wake njia nzima. Karibu na Acocks Green, tukiwa tumesimama kwenye taa nyekundu, alisema bila kunitazama: "Nikimchukua, nitakuwa nimemchukua tena. Nisipomchukua, atanichukia." Nikamwambia mama hawezi kuchukiwa kwa urahisi namna hiyo. "Wewe una wasichana," akanijibu. "Ngoja."

Ukumbi ni wa kanisa moja hapo Acocks Green, si mbali na stesheni ya treni, una viti vya plastiki na harufu ya dawa ya kusugulia sakafu. Makocha huketi mbele, vijana nyuma, wakijifanya hawajali. Mwanawe alikuwa safu ya mwisho, kofia imefunika macho, viatu vipya miguuni. Mwenyekiti akasema, "Shard End, zamu yenu." Kocha akasimama. Alishika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake kwa mikono miwili, akamtaja beki: kijana wa Kitanzania kutoka Singida, aliyekuja kufanya kazi ya kutunza wazee, mrefu kama mlingoti, ambaye hakuna kocha aliyekuwa amemfikiria mapema hivyo. "Mimi?" kijana akauliza kwa sauti, na baadhi wakacheka, na kicheko kile kikafa kwa haraka maana watu walikuwa wamegeuka kutazama nyuma. Mtoto wa Kocha alikuwa amevua kofia. Alikuwa akimtazama mama yake jinsi mtu anavyotazama basi lake likimpita kituoni.

Zamu ya pili ilikuwa ya Winson Green. Ndiyo, Winson Green. Msimu ule wachezaji wake huru walikuwa wameondoka kwa mkupuo, hoteli zote zimefunga siku moja, na bingwa akaporomoka hadi wa pili kutoka chini. Yule bwana safari hii hakusinzia. Aliinuka kabla hajaitwa, akalitaja jina la kijana kwa sauti kubwa, kisha akamgeukia Kocha akasema polepole, "Samahani, Mama. Lakini huyu siwezi kumwacha." Kocha akaitikia kwa kichwa. Kijana alipita mbele ya mama yake bila kugeuza shingo, akapeana mkono na kocha wake mpya, akaondoka naye kwa teksi.

Tulirudi Shard End katika mvua. Yeye ndiye aliyeanza. "Mwandishi, nimekosea?" Nikasema sijui. "Hata mimi sijui," akasema, akaufungua tena mkoba, akaufunga.

Wiki hiyohiyo kijana alihamia kwa rafiki yake Winson Green, kwenye zile nyumba za safu zilizo karibu na gereza. Hawakugombana, na pengine ingekuwa heri wangegombana. Mama alipojaribu kumweleza kwa simu, kijana alimjibu, "It's fine, Mum." Alinirudilia maneno hayo garini, akiyatamka kama mwanawe. "Hiyo 'fine' yao unaijua?" aliniuliza. Nikamwambia naijua, ninazo mbili nyumbani kwangu. Ni mlango unaofungwa taratibu ili usisikie kishindo. Ndipo akanieleza alichokuwa amekifikiria. "Kila kitu chake nimemchagulia mimi. Jina, kanisa, shule, darasa la Kiswahili la Jumamosi alilolichukia, hata huu mpira. Hajawahi kuniambia hapana, kwa sababu tulikuwa wawili tu, angeniambia hapana aende wapi? Sasa amekuwa mtu mzima na mimi nina zamu ya kwanza. Niitumie? Nimfunge misimu miwili mingine? Nilitaka siku moja awe na nafasi ya kunikataa." Akafuta ukungu kwenye kioo cha dirisha. "Lakini yeye aliona ni mimi niliyemkataa. Nilipaswa kumwambia kabla. Niliogopa ningeongea ningelia, nikilia angebaki."

Walikutana uwanjani kabla baridi haijakolea. Sitaisahau mechi ile. Kijana alikuwa akimzungusha yule beki wa Singida kama pia, na Kocha, kando ya mstari, alikuwa mweupe midomo. Alishika kamba ya filimbi, akaiachia, kisha akapiga kelele mpaka ng'ambo ya uwanja wakasikia: "Msukume kushoto! Mguu wa kushoto hana! Hana kabisa!" Beki akasikia. Akamfungia njia ya kulia, akamsukuma kushoto, na kijana akapoteza mpira, akapoteza tena, mechi ikaisha bila goli. Mama alikuwa ametoa siri ya mwanawe mbele ya watu wote. Baada ya filimbi ya mwisho kijana alimpita akasema, "Cheers, Mum," ile asante ya watu wa hapa, na sauti yake ilikuwa baridi kuliko upepo. Nilimlaumu Kocha kimoyomoyo. Lakini kocha wa Winson Green aliniambia baadaye kwamba tangu Jumapili ile yule kijana alibaki peke yake baada ya mazoezi akipiga mpira ukutani kwa mguu wa kushoto, na kabla msimu haujaisha alikuwa akifunga kwa miguu yote miwili.

Katika baridi ya msimu wa pili Kocha alianza kuchoka. Kwanza alisema ni zamu za usiku wodini, kisha akaacha kusema. Siku moja nilipompitia alikuwa ameketi ngazini ndani ya nyumba, koti mkononi, hana nguvu ya kulivaa. Nilimsaidia. Garini aliniambia ni ugonjwa wa damu, kwamba wamemwanzishia dawa, kwamba atafundisha akiwa kwenye kiti. Na alifundisha akiwa kwenye kiti, kile cha kukunja, blanketi magotini, sauti imepungua lakini wasiwasi haujapungua hata chembe. Nilimwuliza kama kijana anajua. "Hajui, na usimwambie." Nikasema ana haki ya kujua. Akanishika mkono wa usukani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Kiangazi anakuwa huru. Akijua, atakuja kwa huruma. Naomba uniachie hilo, Mwandishi. Baada ya hapo nitamwambia mwenyewe."

Msomaji, kuibeba siri ya namna hiyo ni kazi. Nilikuwa nikimwona kijana viwanjani, ananisalimu, nami najibu haraka nikipita, nikiogopa uso wangu ungesema. Na kama Kocha angekufa kabla ya kiangazi, kijana angenitazama kwa macho gani? Msimu ukaisha. Kijana alikuwa huru, na alikuwa mchezaji anayetafutwa kuliko wote. Winson Green walitaka abaki, timu nyingine zilimfuata hadi kazini kwake. Siku zikapita. "Mpigie simu," nikamwambia Kocha. "Simpigii." "Basi hata ujumbe mfupi." "Mwandishi, endesha gari." Lakini nilimwona kila tulipofika mazoezini akikiweka kiti chake pale ambapo lango la uwanja linaonekana.

Alikuja Jumamosi moja ya manyunyu, katikati ya mazoezi. Alikuja kwa miguu kutoka kituo cha basi, mfuko wa viatu begani. Wachezaji wakaacha kukimbia bila kuambiwa. Akapita kati yao hadi kwenye kile kiti, akasimama, akaliona blanketi, akamtazama mama yake usoni. Kisha akasema Kiswahili, cha kuvunjikavunjika, cha mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: "Kocha. Iko nafasi?" Kocha hakuinuka, nadhani hakuweza. Alimwuliza, "Unacheza wapi wewe?" kama vile hajapata kumwona. "Mbele," kijana akajibu. "Miguu yote mbili." Hapo beki wa Singida akacheka, na sote tukacheka kwa ahueni, na Kocha akamwonyesha uwanja kwa kidole: "Haya, zunguka kwanza. Umechelewa." Kijana akaenda kuzunguka. Mama alikuwa amejifunika uso kwa blanketi, na mimi nikajifanya nazikagua nyavu za goli.

Walikuwa pamoja msimu mmoja. Hatukuchukua kikombe, tulimaliza katikati ya jedwali, jambo ambalo kwa Shard End ni kama sikukuu. Katika nusu fainali ya kombe Kocha alimtoa mwanawe kipindi cha pili kwa sababu hakuwa akirudi kukaba. Kijana akalaani njia nzima hadi kwenye benchi, kisha akaketi karibu na kiti cha mama yake na kumfunga blanketi vizuri, bado amekasirika. Alikuwa amerudi kuishi nyumbani. Alimpeleka hospitali, akamsubiri, akamrudisha. Majani yalipokuwa yametimia kwenye miti, mama akalazwa, na hakutoka.

Jamaa wa nyumbani walitaka asafirishwe akazikwe kwao, na simu zilipigwa nyingi, nyingine za ukali. Kijana aliwasikiliza wote, kisha akasema mama yake atazikwa Birmingham, mahali anapoweza kumfikia kwa basi. Watu waliguna. Mimi mwenyewe, niliyezoea kwamba mtu hurudi kwao, niliguna moyoni. Lakini uamuzi ulikuwa wake, akausimamia. Matangani, kocha wa Winson Green ndiye aliyefika wa kwanza, na chupa kubwa za chai kwenye buti la teksi, akawahudumia waombolezaji kama mtoto wa nyumba. Winga wa Goma naye alikuja na kuketi karibu na mlango.

Nilipopata nafasi na kijana jikoni, nilimwuliza lile lililokuwa likinisumbua mwaka mzima. Siku ile aliyokuja na mfuko wa viatu, alijua? Alijibu kwa Kiingereza chake cha hapa, nami naweka kwa Kiswahili. "Nilijua, Uncle. Rafiki yangu mmoja mama yake ni nesi, alimwona kliniki. Nilijua tangu baridi." Kumbe ilikuwa huruma, ileile ambayo mama aliiogopa. Lakini hakuwa amemaliza. "Sikuja kwa sababu hiyo. Kwa sababu hiyo karibu nisije, niliogopa angedhani namhurumia. Wiki ile makocha wote wa jiji hili walinipigia simu. Wote. Yeye alikuwa mgonjwa, timu haina mshambuliaji, na hakunipigia. Nikakaa nikaitazama ile simu. Ndipo nikaelewa alichofanya kule Acocks Green." Akageuka akaanza kuosha vikombe vilivyokuwa visafi.

Nimeyatafakari maneno hayo tangu tulipomzika. Tunabishana sana sisi watu wa mpira, kipi bora, kuchagua vijana kwa zamu au kusajili walio huru, na nadhani tunabishana hivyo kwa sababu ni ubishi wa maisha yetu. Wapo kati yetu wanaofanya kazi za wakala, leo hospitali hii, kesho nyumba ile ya wazee, huru kabisa na hakuna anayewajua jina. Wapo ambao kibali chao cha kuishi kimefungwa kwa mwajiri mmoja, na wanavumilia mengi kwa kuwa hawawezi hata kuhama zamu. Nilipowatazama vijana wa Shard End kaburini, beki wa Singida akiwa na sare ya kazi chini ya koti, nilijua kwamba hakuna hata mmoja ambaye angeniambia kwa uhakika atakuwa mji gani mwakani. Timu haina kocha. Agosti inakaribia. Kila nikikutana na mmoja wao naogopa kumwuliza.

Na nyumbani kwangu ndiko kunakonitia hofu zaidi. Tunasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na tunajifariji nayo, kana kwamba malezi ni mkataba usiokwisha. Watoto wetu hatukuwachagua wala hawakutuchagua. Walitufikia kwa zamu ya Mungu, tukawapa majina, tukawavisha jezi yetu, tukawaambia lugha yao ni hii na kwao ni kule. Wakifikisha umri, wanakuwa huru. Mlango uko wazi, na jiji hili, na miji mingine, inawaita kwa sauti tamu kuliko zetu. Tunaweza kuwashika kwa machozi na lawama na kuwakumbusha tulivyoteseka, na wengi wetu ndivyo tunavyofanya, nao hubaki, miili yao. Marehemu alinifundisha jambo gumu zaidi, ambalo sijui kama ninaliweza: kuwa timu ambayo mtu aliye huru, anayeitwa na wengine wote, angeichagua bila kupigiwa simu. Na kukubali kwamba huenda asiichague.

Binti yangu mkubwa anamaliza shule mwaka huu. Kwa muda mrefu nimekuwa nikimwambia chuo cha hapahapa kinatosha, na kwamba anayeishi nyumbani hula vizuri. Jumapili iliyopita, hakuna mechi, hakuna wa kumpitia Shard End, niliketi naye mezani nikamwuliza yeye anataka kwenda wapi. Alinitazama kama mtu anayetafuta mtego. Kisha akaanza kusema, kwa Kiingereza, polepole halafu kwa kasi, juu ya mji ulio mbali ambao mimi sijawahi kuufikia. Nilishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Nilimsikiliza mpaka akamaliza.